Jina kwenye Kola

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, umande haujakauka, na uwanja wa malisho nje ya mji wetu huku Uingereza umeshajaa magari. Kila mwenye gari ameegesha, amefungua buti, ametandaza mbele yake vile alivyochoka kukaa navyo nyumbani: vikombe, taa za mezani, viatu vya watoto, baiskeli yenye tairi moja. Natembea kama mtu asiye na haraka, lakini macho hayatulii. Natafuta maboksi yaliyosukumwa chini ya meza, yale ambayo mwenyewe hakuona haja hata ya kuyapanga. Humo ndimo zinamokaa gemu za zamani: kaseti za Game Boy, za Mega Drive, na diski za PlayStation zilizotengana na makasha yake.

Ufundi huu sikuupatia Uingereza. Niliupata kwa shangazi yangu, Soko la Karume, Ilala, mama ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika pedi ya gemu. Aliuza mitumba, na siku ya kufunguliwa robota nilikwenda naye nimbebee mfuko. Wenzake waligombea rangi. Yeye alianza na vidole. Aligeuza kola ndani nje, akavuta mshono wa kwapani, akapitisha kidole gumba juu ya tundu la kifungo. “Baba,” aliniambia, “rangi itakudanganya, mshono hausemi uongo.” Mara nyingine, ndani ya kola ya sweta la shule, tulikuta kijitambaa cheupe kilichoshonewa jina la mtoto wa Ulaya. Wauzaji wengine walikichana. Shangazi alikiacha. Alisema nguo hii ilipendwa na mtu kabla yetu, na atakayeinunua ajue hivyo.

Miaka hiyohiyo mtaani kwetu palikuwa na kibanda chenye runinga moja na mashine ya Terminator, mojawapo ya zile nyingi zilizoigwa kutoka kwa Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti zake zilikuwa za njano. Ikigoma, tuliichomoa, tukapuliza meno yake ya shaba, tukairudisha, na picha ikaja. Kaka mwenye kibanda hakupenda. “Dogo, usiipulize. Mate yako yanaila.” Yeye alikuwa na kichupa cha spiriti na pamba. Tulimwona mtu wa makuu. Baadaye sana nilifahamu kwamba alikuwa sahihi: pumzi ina unyevu, na unyevu huleta kutu. Kilichoiponya kaseti hakikuwa pumzi zetu. Kule kuchomoa na kuchomeka kulisugua meno na kuyakutanisha upya na mashine.

Basi nikiinama kwenye boksi uwanjani, nina walimu wawili nyuma yangu.

Nikiokota kaseti, sianzi na picha ya lebo. Naipindua nitazame meno. Yakiwa na weusi wa vumbi na mafuta ya vidole, hilo si tatizo. Kijiti cha pamba na spiriti safi vitamaliza kazi. Yakiwa na ukungu wa kijani, hapo shaba imeanza kulika, na nafikiri mara mbili. Kisha natazama skrubu. Nintendo walifunga kaseti za Game Boy kwa skrubu isiyofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na zile za Game Boy Advance kwa skrubu yenye ncha tatu. Nikiona skrubu ya msalaba kama ya redio, najua kuna mkono mwingine umepita humo. Halafu naielekeza lebo kwenye mwanga, ubavu ubavu, nitafute alama ndogo iliyogandamizwa juu ya karatasi kiwandani. Haionekani ukiitazama moja kwa moja. Inaonekana kivuli kikiingia ndani yake.

Alama hiyo niliijua kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda nililipa pauni 15 kwa Pokémon Emerald iliyong’aa kuliko zote mezani. Nilicheza jioni nzima, nikahifadhi, nikalala. Kesho yake mashine ilinikaribisha kama mgeni, hakikuwamo kitu. Ilikuwa nakala ya bandia, na niliyoidhani kaseti ilikuwa ganda la kijani lenye bodi dhaifu ndani. Nililipia rangi, nikasahau mshono. Tangu siku ile sijanunua kaseti bila kuiinamisha kwenye mwanga.

Diski zina elimu yake. Watu wengi huogopa mikwaruzo ya upande wa chini, ule unaometa, na kuuamini upande wenye picha. Kwa CD mambo ni kinyume. Data imekaa karibu kabisa na lebo, chini ya rangi nyembamba, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ndio unaoua. Wa chini umo ndani ya plastiki tu, na mara nyingi hupigwa msasa ukaondoka. Tena mikwaruzo ya chini si sawa. Ule unaotoka katikati kwenda ukingoni unakata njia ya data kwa kufumba na kufumbua, na mashine huweza kuruka pengo hilo. Unaozunguka pamoja na diski hufuata njia ileile na kufuta sehemu ndefu kwa mpigo. Kwa hiyo naishika diski kwa ukingo, kidole kimoja tunduni, na kuinyanyua kuelekea jua linalochomoza. Nikiona vitundu vya mwanga vinapenya, nairudisha taratibu mahali pake. Diski za PlayStation ya kwanza ni nyeusi upande wa chini. Za PlayStation 2 zilizo CD ni za buluu, zilizo DVD ni za fedha. Mkono ukishazoea, rangi hizo hukwambia nusu ya habari kabla hujasoma jina.

Lakini kujua kama kitu kizima si sawa na kujua kama kina thamani, na hapa ndipo ufundi unapoanza hasa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndani ya maboksi haya nimeona kizuri kikikaa kimya miaka. Kinachojitembeza ni gemu za mpira za kila mwaka, zilizonunuliwa na mamilioni na kuachwa na mamilioni mara tu ile ya mwaka uliofuata ilipotoka. Zimejaa tele, na katikati yake, kwa unene uleule wa kasha, huenda kuna kazi ambayo mtu aliifanya kwa roho yake yote. Bei haitakusaidia kuipata. Wapo wanaowinda kwa simu mkononi, wanapiga picha ya kila kasha na kusoma linauzwa ngapi. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Ila simu huwaambia kile ambacho watu wengine wameshakitaka tayari. Mimi natafuta majina ya waliotengeneza, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha, kama vile shangazi alivyosoma mshono.

Asubuhi moja, kati ya gemu nne za mpira, vidole vyangu viligusa kasha la karatasi ngumu badala ya plastiki. Nililivuta. Juu yake palikuwa na mchoro: uwanja mkubwa wa rangi ya mchanga, matao ya mawe, vivuli virefu, na watu wawili wadogo sana wakikimbia wameshikana mikono. Ilikuwa ICO, toleo la Ulaya la mwaka 2002. Mchoro ule aliuchora Fumito Ueda mwenyewe, aliyeiongoza gemu hiyo, akivutwa na uchoraji wa Giorgio de Chirico wa Italia. Marekani waliitoa mwaka 2001 wakiwa na kasha jingine lisilo na uzuri wowote, na gemu haikuuzwa vizuri ilipotoka. Mama mwenye meza aliniomba pauni 2. Nilimpa 5, nikakataa chenji. Yeye akadhani sijui hesabu.

Katika gemu hiyo, mvulana mwenye pembe amefungiwa ndani ya ngome, na anamkuta msichana ambaye lugha yake haielewi. Hakuna namba kwenye skrini wala mstari wa kuonyesha uhai umebaki kiasi gani. Kazi yako kubwa ni kushikilia kitufe kimoja, R1, na muda wote unapokishikilia, mvulana amemshika msichana mkono. Ukikiachia, umemwachia. Niliicheza nikiwa mtu mzima, mwenye nywele nyeupe mbili tatu, na kidole kikaniuma kwa kutotaka kuachia. Toleo la Ulaya lina zawadi kwa mwenye subira: ukilimaliza na kuanza upya, maneno ya msichana yanatafsiriwa. Ukiyasoma safari ya pili, unatambua yapi alikuwa akikwambia muda wote ule ulipokuwa unamvuta tu. Gemu hiyo ilikuwa chini ya meza, kati ya gemu za mpira zilizokwisha muda wake.

Watu huniuliza kwa nini nisumbuke na umande ilhali kila kitu siku hizi kipo mtandaoni. Hakipo. Mwezi Julai 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ilioufanya pamoja na Software Preservation Network, na ukaonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani, ziwe za kuuzwa kwa kasha au kwa kupakua. Sababu ni nyingi: kampuni imekufa, haki zimegawanyika, leseni ya muziki imekwisha, au hakuna aliyeona faida. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kuzicheza kwa haki, mlango uliobaki ni kitu chenyewe, kaseti ile, diski ile, iliyookolewa kabla ya lori la taka. Hesabu hiyo ilibadili namna ninavyojiona ninapoinama. Najiona mtu anayechelewesha upotevu.

Kaseti ninayoipenda kuliko zote haikunigharimu hata hela ya kahawa. Ni The Legend of Zelda: Link’s Awakening ya Game Boy, ya mwaka 1993, lebo yake imechanika pembeni. Game Boy ilitoka mwaka 1989, kazi ya kikosi kilichoongozwa na Gunpei Yokoi, aliyeamini kwamba teknolojia iliyozeeka na kuwa rahisi, ikitumiwa kwa akili mpya, inashinda teknolojia ya kifahari. Wapinzani walileta skrini za rangi. Yeye alitoa vivuli vinne vya kijani, na mashine iliyokaa saa nyingi kwa betri nne za kawaida. Nikiiwasha Game Boy yangu jioni, na ile taa nyekundu ikawaka pembeni, husadiki kwamba alikuwa sahihi.

Niliichomeka Zelda ile nikitegemea nafasi tatu tupu za kuhifadhia. Ya kwanza ilikuwa na jina. Herufi tano, jina la mtoto, lililoandikwa pengine kabla sijavuka bahari kuja huku. Nikafungua. Hadithi ya gemu hiyo ni ya kisiwa kilichomo ndani ya ndoto: unakusanya ala nane za muziki ili kumwamsha anayeota, na akiamka, kisiwa kinatoweka. Mtoto yule alikuwa ameshakusanya saba. Hakuendelea. Sijui kama ala ya nane ilimshinda, au alielewa kitakachofuata akaona bora aiweke chini.

Kumbukumbu za kaseti kama hizo hutunzwa na betri ndogo ya duara iliyolehemiwa juu ya bodi. Ikifa, vyote hufutika. Ukiing’oa ili kuweka mpya, vilevile hufutika. Betri ya Zelda ile ilikuwa imeshaishi takriban miaka thelathini, na kila jioni niliyoiwasha nilihofu kukuta nafasi zote tatu tupu. Nikanunua kifaa kidogo kinachosoma kaseti kwenye kompyuta, nikanakili kumbukumbu ile, nikaihifadhi mahali pawili. Ndipo nikafungua skrubu. Betri ya zamani ilikuwa na umbo la sarafu iliyofifia. Nilipasha risasi mpaka ikalainika, nikainyanyua, nikalehemu mpya mahali pake, kisha nikarudisha kumbukumbu nilivyoikuta, herufi kwa herufi. Nikasukuma swichi ya kuwasha nikiwa nimezuia pumzi.

Jina lilikuwepo. Ala saba zilikuwepo.

Sikuigusa ile ya nane. Niliteremka hadi nafasi ya pili, nikaandika jina langu chini ya lake, nikaanza safari mwanzo.