"Grand officier": Ofisa Mkuu wa Nini?

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa nyaraka za serikali, wasifu wa mabalozi na habari za nchi za nje ni majina ya madaraja ya nishani za Ulaya. Makala haya yanakusudia kulichunguza moja tu kati ya majina hayo, yaani Grand officier, ambalo ni jina la cheo cha juu katika nishani ya taifa la Ufaransa iitwayo Légion d'honneur. Tumelichagua kwa sababu linaonekana jepesi. Neno la kwanza ni "mkuu", la pili ni "ofisa". Mfasiri huandika "Ofisa Mkuu", akaendelea na kazi yake. Hapo ndipo upotofu unapoanzia.

Tuchukue sentensi ya mfano: "Mgeni wetu ni Ofisa Mkuu wa Jeshi la Heshima la Ufaransa." Kisarufi sentensi hii haina ila. Lakini msomaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba mgeni ni mwanajeshi, kwamba ana ofisi, na kwamba wako watu wanaopokea amri kutoka kwake. Mfasiri akiandika "Kikosi cha Heshima" badala ya "Jeshi la Heshima", mambo yatazidi kuharibika, maana kikosi cha namna hiyo tunakifahamu sote: ndicho kinachokaguliwa na wageni wa taifa uwanja wa ndege. Kumbe mgeni mwenyewe huenda ni daktari au mwandishi wa vitabu, na hana hata askari mmoja. Karani wa itifaki anayetegemea tafsiri hiyo atampangia kiti pasipo pake, na mwalimu atawafundisha wanafunzi jambo lisilokuwapo.

Ili tuelewe chanzo cha utata huu, hatuna budi kutazama historia kidogo. Mapinduzi ya Ufaransa yalizifuta nishani za kifalme mwaka 1791. Napoléon Bonaparte, alipokuwa Konsuli wa Kwanza, aliianzisha Légion d'honneur kwa sheria ya tarehe 19 Mei, 1802, wapewe wanajeshi na raia pia. Kwa kuwa majina ya enzi za wafalme yalikuwa yakichukiwa, yaliazimwa majina ya jeshi la Warumi wa kale: chombo chote kikaitwa lejioni, kikagawanywa katika vikosi, na mwenye daraja la chini akaitwa légionnaire. Jina la Chevalier liliingia mwaka 1808, na Commandeur likachukua nafasi ya commandant mwaka 1816. Kwa hiyo tangu mwanzo maneno ya kijeshi yalitumika kutaja heshima ambayo si ya kijeshi peke yake. Mfasiri anayeyafasiri neno kwa neno hufasiri jina, akaiacha dhana.

Leo ngazi za nishani hiyo ni tano. Kanuni zake za mwaka 1962 zinazitenga katika mafungu mawili. Chevalier, Officier na Commandeur huitwa madaraja. Grand officier na Grand-croix, ambazo ndizo za juu kabisa, huitwa hadhi. Raia wa Ufaransa hupanda kwa utaratibu: miaka 20 ya utumishi kwa uchache kabla ya kuwa Chevalier, miaka 8 katika daraja hilo kabla ya kuwa Officier, miaka 5 mingine kabla ya kuwa Commandeur, kisha miaka 3 kufikia Grand officier, na 3 tena kufikia Grand-croix. Mwenye hadhi ya Grand officier huvaa nyota ya fedha upande wa kulia wa kifua, pamoja na alama ya Officier upande wa kushoto. Hapewi ofisi, wala hakabidhiwi watu wa kuwaongoza. Anachopewa ni kutambuliwa.

Wako wafasiri walioiona hatari hii, wakakimbilia namba. Wao huandika "Nishani ya Ufaransa, Daraja la Pili". Njia hii ina mvuto, hasa kwa sisi Watanzania, kwa kuwa Nishani ya Mwenge wa Uhuru nayo ina madaraja ya namba. Lakini namba zetu zimewekwa na waliounda nishani yetu. Za Ufaransa zitakuwa zimebuniwa na mfasiri. Isitoshe, zina kasoro tatu:

(a) Msomaji hajui kama tunahesabu kutoka juu au kutoka chini. Ukihesabu kutoka chini, daraja la pili ni Officier.

(b) Jina hilohilo halina nafasi moja kila mahali. Katika nishani ya Ureno ya Infante D. Henrique, juu ya Msalaba Mkuu iko ngazi nyingine ya Mkufu Mkuu, na kwa hiyo Ofisa Mkuu huwa wa tatu.

(c) Hata katika Ufaransa kwenyewe nafasi imebadilika. Mwaka 1802 Grand officier ndiye aliyekuwa juu ya wote. Mwaka 1805 ikaongezwa ngazi juu yake, ile iliyokuja kuitwa Grand-croix. Jina halikubadilika, lakini namba ilibadilika. Mfasiri wa nyaraka za historia akitumia namba atasema uongo bila kukusudia.

Njia ya tatu ni kutafuta watu wa jamii zetu walio mfano wa hao wa Ulaya. Kenya ilifanya hivyo kwa ustadi: katika nishani zake za Moyo wa Dhahabu na Mkuki Unaowaka hakuna Ofisa wala Kamanda, bali wako Chifu, Mzee na Morani. Tunausifu ubunifu huo, lakini ni haki ya taifa linalounda nishani yake. Mfasiri hana ruhusa ya kumfanya Mfaransa kuwa Morani.

Tuonavyo sisi, kosa haliko katika maneno "Ofisa Mkuu" yenyewe. Liko katika kuyaacha yasimame peke yake mbele ya jina la mtu, kana kwamba ni kazi yake. Waarabu wanapoitaja nishani hii hawasemi kwamba fulani ni ofisa mkubwa. Husema amepewa nishani "kwa cheo cha ofisa mkubwa". Neno moja linalotangulia linaondoa utata wote. Nasi tunayo maneno ya kutosha: "daraja" na "hadhi".

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Jina la nishani lisifasiriwe, bali litanguliwe na neno linaloeleza: Nishani ya Légion d'honneur. Ngazi zake ziwe daraja la Farisi, daraja la Ofisa, daraja la Kamanda, hadhi ya Ofisa Mkuu, na hadhi ya Msalaba Mkuu. "Farisi" asili yake ni mpanda farasi, kama ilivyo Chevalier, na katika Kiswahili limekwisha kuwa na maana ya mtu hodari. Ni bora kuliko "mpanda farasi", linalomkumbusha msomaji mashindano. "Msalaba Mkuu" nalo litamkwe pamoja na "hadhi" daima, kwa sababu alama ya nishani hii si msalaba, bali ni nyota yenye mikono mitano.

Vitenzi navyo vichungwe. Kwa kanuni za Ufaransa, mgeni hutunukiwa nishani hiyo lakini hapokelewi kuwa mwanachama wake. Basi tuandike "ametunukiwa Nishani ya Légion d'honneur kwa hadhi ya Ofisa Mkuu", wala tusiandike "amekuwa Ofisa Mkuu" au "amejiunga na Légion d'honneur".

Huenda wahariri wa magazeti wakalalamika kwamba maneno haya ni marefu mno. Kichwa cha habari kinaweza kusema tu "atunukiwa nishani ya Ufaransa", na maelezo kamili yakafuata ndani. Katika wasifu, barua rasmi na vitabu vya shule, urefu huo ni gharama ndogo. Nchi nyingi za Ulaya hutumia majina yanayofanana na haya, na Kiswahili kinazidi kutumika katika mikutano ya kimataifa. Heri tuafikiane sasa, kabla "Maofisa Wakuu" wasio na ofisi hawajajaa katika kumbukumbu zetu. Tunawaomba wafasiri na walimu wenye mapendekezo bora zaidi, hasa kuhusu neno "farisi", wayalete yajadiliwe.