Shingo ya Farasi na Mpaka wa Kamari: Mapitio ya Kitabu al-Musabaqa

Katika Minhaj al-Talibin ya Imam al-Nawawi (631–676 Hijria), kitabu ambacho Mashafii wa mwambao wetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, umo mlango mfupi uitwao Kitabu al-Musabaqa wal-Munadala, yaani mashindano ya mbio na ya kulenga shabaha. Umewekwa baada ya mlango wa vyakula na kabla ya mlango wa viapo. Mwanafunzi huweza kuupita haraka akidhani kuwa zama za farasi zimekwisha, na hukumu zake zimekwisha pamoja nazo. Dhana hiyo si sahihi. Imam al-Nawawi hakuandika mlango huu ili amsifu farasi. Ameuandika ili apimwe kwa haki, na katika kipimo hicho ndimo inamopatikana tofauti baina ya shindano la halali na kamari.

Watu wamempima farasi kwa njia nyingi. Wafugaji wa Uingereza na Marekani hupima kimo chake kuanzia ardhini hadi pale shingo inapokutana na mgongo, nao huhesabu kwa viganja, kila kiganja kikiwa na inchi 4. Waarabu walimpima pia kwa nasaba. Hisham ibn al-Kalbi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 3 Hijria, aliandika kitabu kizima, Ansab al-Khayl, kuhusu farasi mashuhuri na nasaba zao. Mafakihi hawakusimama kwenye kimo wala hawakutosheka na nasaba. Katika ngawira, al-Nawawi anampa mpanda farasi mafungu matatu, moja lake na mawili ya farasi wake, awe farasi huyo wa Kiarabu au la. Lakini farasi aliyekonda, asiye na manufaa vitani, hapewi kitu. Imam Abu Hanifa yeye alisema mpanda farasi ana mafungu mawili tu. Pamoja na khitilafu hiyo, tunaona kuwa kwa al-Nawawi kinachotazamwa ni manufaa, si jina la ukoo.

Asili ya mlango huu ni Sunna. Imepokewa na al-Bukhari kutoka kwa Abdullah ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa tadhmiri kuanzia al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wale wasiofanyiwa kuanzia hapo Thaniyya hadi Msikiti wa Bani Zurayq. Sufyan amekadiria masafa ya kwanza kuwa maili 5 au 6, na ya pili maili 1. Tadhmiri ni kumlisha farasi hadi anenepe, kisha kumpunguzia chakula na kumfunika nguo bandani atoke jasho, hata nyama yake ikakaza na pumzi yake ikawa ndefu. Tazama uadilifu uliomo humo, ndugu msomaji. Aliyeandaliwa hakuwekwa pamoja na asiyeandaliwa, na kila kundi lilipewa masafa yanayolingana na nguvu zake.

Masharti anayoyataja al-Nawawi yanatembea katika njia hiyo hiyo. Pa kuanzia na pa kumalizia pajulikane. Farasi wawili wabainishwe. Kila mmoja awe na uwezekano wa kumtangulia mwenzake. Zawadi nayo ijulikane. Kisha anaeleza ushindi wenyewe unapimwaje: ngamia kwa bega, farasi kwa shingo. Wafafanuzi wa Minhaj wamebainisha sababu. Ngamia huinua shingo anapokimbia, basi shingo yake haifai kuwa kipimo, ama farasi huinyoosha mbele. Na ikiwa shingo ya mmoja ni ndefu kuliko ya mwenzake, hahesabiwi mshindi mpaka atangulie kwa zaidi ya ule urefu uliozidi. Huo ni uangalifu mkubwa. Faqihi hakukubali mtu ale mali ya mwenzake kwa sababu tu farasi wake ameumbwa na shingo ndefu.

Ama mali, ikitolewa na kiongozi, au na mtu mwingine asiyeshindana, au na mmoja tu wa washindani, hakuna tatizo. Wakitoa wote wawili, kila mmoja ana hofu ya kupoteza na tamaa ya kupata, na hiyo ndiyo sura ya kamari. Hapo jumhuri wameshurutisha muhallil, yaani mshindani wa tatu asiyetoa dau, ambaye akishinda huchukua na akishindwa hatoi. Al-Nawawi ameongeza kuwa farasi wa muhallil lazima awe kufu ya farasi wao. Farasi dhaifu aliyeingizwa kwa jina tu hahalalishi chochote.

Sharti hili ndilo alilolipinga Ibn al-Qayyim (691–751 Hijria) katika kitabu chake al-Furusiyya, akiinusuru kauli ya shekhe wake Ibn Taymiyya. Hoja zake ni nzito. Hadithi ya muhallil aliyoipokea Abu Dawud kwa njia ya Sufyan ibn Husayn kutoka kwa al-Zuhri, yeye anaiona kuwa si maneno ya Mtume (s.a.w.) bali ni ya Said ibn al-Musayyab, na kweli katika Muwatta kauli hiyo imekuja kwa jina la Said. Kisha anauliza: vipi kamari iwe halali kwa kuingizwa mtu anayeweza kupata lakini hawezi kupoteza? Ibn Kathir anasimulia katika matukio ya mwaka 746 kwamba suala hili lilimfikisha mbele ya kadhi wa Kishafii, na likamalizika kwa Ibn al-Qayyim kudhihirisha kuafikiana na jumhuri.

Tukipima kwa insafu, katika uchambuzi wa isnadi Ibn al-Qayyim ana nguvu, na atakayemjibu kwa kutaja wingi wa waliomkhalifu hajamjibu. Lakini ruhusa yake imefungwa kwa yale yanayoipa dini nguvu, kama farasi na mishale. Mtu akiichukua ruhusa hiyo akaiacha illa yake, atafungua mlango ambao mwenyewe hakuufungua. Hapa ndipo ukurasa mfupi wa al-Nawawi unapomnufaisha mtu wa kawaida zaidi: unampa vipimo anavyoweza kuvitumia bila kuwa mtaalamu wa wapokezi. Nani ametoa mali? Je, washindani ni makufu? Je, mwisho unajulikana?

Vipimo hivi bado vina kazi. Lamu, ambako punda angali chombo cha usafiri, hufanyika mbio za punda, na al-Nawawi ametaja kuwa kauli yenye nguvu zaidi ni kufaa kushindania nyumbu na punda pia. Zawadi ikitolewa na waandalizi, hapana shaka. Wapandaji wakichangishana dau ili mshindi achukue vyote, suala la muhallil limerudi. Ama kijana anayeweka mkeka kwenye simu kuhusu timu asizozichezea, huyo hana pa kujificha katika mlango huu. Yeye si mshindani, hatoi zawadi kwa ajili ya mafunzo, na anapata au anapoteza kwa jasho la wengine. Si al-Nawawi wala Ibn al-Qayyim aliyemwachia nafasi.

Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni ujira, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Mnyama ni yule yule, kinachotofautiana ni nia na matumizi. Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu wa darsa wasiuruke mlango huu. Vijana wetu wanaulizwa kila siku kuhusu dau, na jibu lao limo katika kurasa ambazo wengi wanadhani zinahusu farasi peke yake.

Wallahu aalam.