Mstari wa Majivu

Kabla ya kuinjika chungu, shangazi alichota majivu ya jana kwa kigae na kuyamwaga taratibu kuyazunguka mafiga, umbali wa hatua moja hivi kutoka motoni, mpaka duara likafunga. Hakueleza kitu. Mtoto wa kwanza kutambaa kulielekea duara lile alizuiwa kwa kisigino, mikono ya shangazi ikiwa bado kwenye nyanya. Wa pili hakuhitaji kuzuiwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwona wa kwanza.

Jiko la kwetu Kyela lilikuwa banda la mianzi, na mlango wake ulikuwa uwazi tu. Mvua za huko anayezijua anazijua: ikifika Machi, mito ya Mbaka na Lufilyo inapanda mashambani, uwanja unakuwa tope, na watoto wote wanahamia palipo na moto. Jioni moja ungetukuta saba, jioni nyingine kumi. Wanne walikuwa wa shangazi. Waliobaki walikuwa wa mtu fulani, na hakuna aliyeuliza wa nani. Kuni mbichi, moshi unaozubaa darini, usipa wa kuchambua, mtoto mgongoni, na miguu midogo kila unapokanyaga. Humo ndimo wali ulimopikwa ukaiva, punje zimeachana.

Sijawahi kumsikia akisema "tokeni jikoni". Alikuwa na kazi ya kila umri. Wenye vidole vyembamba walipewa ungo watoe chuya na vijiwe. Waliowazidi kidogo walichambua usipa, mchanga huku, samaki kule, na kula mbichi kulikuwa mwiko. Aliyekuwa na nguvu za kupigana alitumwa maji. Na aliyekuwa analia bila sababu alikabidhiwa mfuniko: "Ushike hivi. Ukiuweka chini, chakula kinaharibika." Nimemwona mtoto wa miaka mitatu amesimama na mfuniko ule kifuani, machozi yakiwa hayajakauka, anatutazama sisi wachambua mchele kama watu wasio na kazi ya maana. Mimi pia niliwahi kuushika. Ilinichukua miaka kugundua kwamba chakula kisingeharibika.

Ila ufundi wenyewe ulijificha kwenye kupalia. Maji yakishakauka, makaa yalitolewa chini, mengine yakapandishwa juu ya mfuniko, na hapo shangazi alinyamaza. Nasi tukanyamaza. Nje mvua inapiga majani ya migomba, ndani watoto kumi wametega masikio kwenye chungu. Wali ulioanza kukamata chini una sauti yake, mtatariko mdogo mkavu, kama mtu anayekanyaga maganda ya karanga chumba cha pili. Ukiusikia na harufu haijabadilika, una dakika chache. Harufu ikitangulia, umechelewa. Shangazi alimnyooshea mmoja wetu kidole: "Umeiva?" Ukijibu kwa pupa kwa sababu ya njaa, alijua. Hakukugombeza, alimgeukia mwingine tu. Aliyepatia ndiye aliyetengewa ukoko wa katikati, ule wa rangi ya chai, ambao ukivunjwa unatoa ile harufu ya mchele wa Kyela hata kabla haujafika mdomoni. Siku hizi sokoni wanachanganya, gunia lina jina la Kyela na mchele ni wa kokote. Nadhani wanaochanganya hawakuwahi kuulizwa kama umeiva.

Mama zetu hawakuanza jana kupika wakiwa wamezungukwa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa wa kwetu katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika: wavulana wa rika moja walitoka makwao wakajenga pamoja, lakini kula walirudi kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Mwanamke hakuwapimia mchuzi watoto wake peke yao, alilipimia rika. Kukaa pamoja, kula na kuzungumza kwa uzuri, kuna jina katika Kinyakyusa: ukwangala. Mgeni akiambiwa anadhani ni starehe. Aliyepika anajua ni kuni ngapi.

Chungu nacho kilikuwa na safari yake. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, walikifinyanga kwa mikono, kikaja kwa mtumbwi hadi mnada wa Jumamosi pale Lyulilo, karibu na Matema. Watoto tulivunja vingi. Shangazi aliguna, akaokota kipande kikubwa, na kesho yake kikawa kigae cha kuchotea makaa, au majivu ya mstari.

Nilikuwa na miaka saba, labda minane, aliponiita jina nikiwa kwenye ungo. "Ruka."

Sikumwelewa. Watoto wengine walielewa upesi kuliko mimi, maana waliacha kuchambua. Nikasimama mbele ya majivu yale niliyoyaogopa maisha yangu yote, nikanyanyua mguu juu kupita kiasi, kama ninayevuka mfereji. Ndani ya duara joto lilikuwa jingine. Akanipa mwiko, akaushika mkono wangu juu yake, tukageuza usipa uliokuwa ukichemka kwenye mawese. Tone likanirukia kifundoni. Sikulia, nani alie mbele ya wenye ungo? Kovu bado lipo, dogo kama punje.

Mwezi uliopita shangazi aliletwa mjini kwa matibabu ya macho, akafikia kwa mjukuu wake. Nikaenda kumsalimu. Watoto wawili walikuwa kochini, kila mmoja na simu yake, wametulia kwa namna ambayo kwetu ingemaanisha homa. "Niwape tu nipike kwa amani," mjukuu aliniambia, na sikumlaumu: ametoka kazini saa kumi na moja, ana saa moja na nusu, na gesi haitaki mtu wa kuchochea. Mlango wa jiko aliurudisha. Kilikuja chakula kizuri kabisa. Nikamuuliza mkubwa kimepikwa na nini. Akasema, "Mama."

Baada ya kula shangazi aliomba kuliona jiko. Tulimwekea kiti. Alipapasa sahani za vyuma, akasifu, akasema ndaga, ndaga fijo, asante sana, kwa ukarimu wa mgeni. Kisha akauliza, "Majivu mnayatoa wapi?"

"Hakuna majivu, bibi. Ni gesi."

Akaitikia kwa kichwa. Mdogo wao, ambaye bado anatambaa, alikuwa ametufuata, anakata sakafu ya vigae kuelekea jiko ambalo mama yake alikuwa ameliwasha tena kwa ajili ya chai. Shangazi hakuangalia chini, na kwa macho yale asingeona sana. Kisigino chake cha kulia kikasogea, kikatua katikati ya njia.