Pai za Krismasi bila ngano: kazi iko kwenye maji

Katika nyumba nyingi za Uingereza Desemba haipiti bila pai za Krismasi. Ni pai ndogo, za kumalizwa kwa kung'ata mara tatu au nne: nje ganda la siagi, ndani zabibu kavu, tufaha, maganda ya machungwa yaliyoiva kwenye sukari, mdalasini, karafuu na kungumanga. Zamani mlikuwa na nyama pia. Hannah Glasse, katika kitabu chake cha mapishi cha 1747, bado alimruhusu mpishi kuongeza ulimi wa ng'ombe akipenda. Nyama ikaondoka taratibu, mafuta ya figo yakabaki, na ganda likaendelea kuwa la unga wa ngano.

Ganda hilo ndilo linalomtoa mezani mwenye siliaki. Karibu mtu 1 katika kila 100 ana ugonjwa huu, ambamo kinga ya mwili huuharibu utumbo mwembamba kila gluteni, protini ya ngano, inapoingia. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alionyesha katika tasnifu yake ya 1950 kwamba ngano ndiyo inayowadhuru wagonjwa hawa. Tiba mpaka leo ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote, sikukuu zikiwemo.

Wanaojaribu kuoka pai hizi bila ngano hulalamikia mambo mawili. Donge hupasuka kabla halijafika kwenye trei, na pai zikishaiva huwa na chengachenga mdomoni kama zimeingia mchanga. Ushauri wanaopewa ni kuongeza gundi, yaani gamu ya zanthani, poda inayotengenezwa na bakteria wanaochachusha sukari. Mimi naona ushauri huo unagusa sehemu ndogo tu ya tatizo. Tatizo kubwa ni kwamba tunaendelea kutii sheria za ngano wakati ngano haimo.

Tuangalie kwanza gluteni hufanya nini. Unga wa ngano ukikutana na maji, protini zake mbili, gliadini na gluteni­ni, hushikana na kuwa nyuzi zinazovutika. Chapati haisukumiki bila nyuzi hizo, na mkate hauumuki bila hizo. Ganda la pai ni kinyume. Mwokaji wa pai za ngano hutumia ujuzi wake wote kuzizuia nyuzi zisikomae: siagi iwe baridi na ipakae chembe za unga ili maji yasizifikie, maji yawe kidogo, mikono iwe myepesi, donge lipumzishwe. Akikosea, ganda huwa gumu na hujikunja likiwa ovenini. Kwa hiyo katika vyakula vyote vya ngano, hiki ni kimojawapo cha vile vinavyoihitaji gluteni kwa uchache kabisa. Inatakiwa tu kulishika donge kwa zile sekunde chache za kulitoa mezani na kuliweka kwenye tundu la trei. Kwa kazi hiyo nusu kijiko cha chai cha gamu ya zanthani kinatosha gramu 250 za unga. Ukizidisha, ganda huwa zito na la kutafunika kama ulimbo.

Sasa sheria zile. "Maji kidogo" ilikuwa kwa sababu ya kuiogopa gluteni. "Usikande" vilevile. Unga usio na ngano hauna cha kuogopwa, na tena unataka kinyume chake.

Mchanganyiko ninaoutumia ni gramu 150 za unga laini wa mchele, gramu 60 za wanga wa viazi na gramu 40 za wanga wa muhogo. Chembe za unga wa mchele ni ngumu na hunywa maji polepole. Donge ulilolikanda likaonekana sawa sasa hivi, nusu saa baadaye limekauka, kwa sababu maji uliyoyaona juu yameshaingia ndani ya chembe. Halafu ovenini wanga unahitaji maji ili uvimbe, ulainike na kushikana. Joto la kuanzia nyuzi 60 na kuendelea, kutegemea aina ya wanga, ndipo kazi hiyo inapofanyika. Maji yakipungua, chembe hubaki mbichi hata kama ganda limepata rangi. Ule mchanga wa mdomoni ni mchele ambao haukuiva.

Basi sugua gramu 125 za siagi baridi kwenye unga, pamoja na gamu, chumvi kidogo na vijiko viwili vya chakula vya sukari laini, mpaka ufanane na chenga. Tia yai moja na vijiko viwili vya maji baridi, kisha ongeza cha tatu hata kama donge linaanza kunata mkononi. Likande kwa dakika mbili au tatu mpaka liwe laini. Mtu aliyezoea pai za ngano atasita hapa, na namwomba asisite: hakuna nyuzi za kukomaa. Lifunge, liweke kwenye friji nusu saa. Katika pai za ngano mapumziko haya hulegeza gluteni. Hapa huwapa mchele na wanga muda wa kunywa.

Likitoka kwenye friji lina siagi iliyoganda na litapasuka ukilisukuma papo hapo, kwa hiyo liache mezani dakika kumi. Sukuma katikati ya karatasi mbili za kuokea, unene wa milimita 3 hadi 4, mzito kidogo kuliko wa ngano. Kata viduara, uviinue kwa kisu kipana. Kikichanika, kibandike kwa kidole kilicholowa. Mabaki yakusanye, yakande na kuyasukuma tena. Kwa ngano mabaki ya mara ya pili huwa magumu, ila haya yanakuwa sawa na ya kwanza, mradi uyalowanishe kidogo. Juu ya kila pai mimi huweka nyota badala ya kifuniko kizima. Nyota haichaniki wakati wa kuinuliwa, mvuke hutoka pembeni, na mjazo hauchemki ukamwagika.

Rangi ni jambo la kusimamia pia. Unga huu una protini kidogo, hivyo hauwi kahawia upesi kama wa ngano, na watu husubiri rangi mpaka sukari ya ndani inaungua. Paka yai juu: protini zake hutoa rangi kwa wakati. Tanguliza trei tupu ovenini, nyuzi 190, kisha weka juu yake ile yenye pai ili chini kuive kwa nguvu. Dakika 18 hadi 20 zinatosha. Usizitoe kwenye matundu kabla ya dakika kumi. Zikiwa za moto bado ni dhaifu na zitavunjika.

Ndani ya pai ndiko kwenye mtego ambao hata waokaji wazoefu hawauoni. Mafuta ya figo yanayouzwa yamekatwakatwa kwenye pakiti mara nyingi hupakwa unga wa ngano ili vipande visigandane. Mtu anaweza kupata ganda safi kabisa na kulijaza ngano. Soma pakiti: Uingereza, tangu Desemba 2014, sheria inataka ngano ionekane wazi kwenye orodha ya viambato. Mimi hutumia siagi badala yake, huandaa mjazo kidogo na kuuweka kwenye friji. Brandi haina gluteni, na wasiotumia pombe watie maji ya machungwa. Soma pia pakiti ya hamira ya unga kama unaitumia, kwani baadhi huwa na wanga wa ngano.

Kiwango kinachokubaliwa kimataifa kwa chakula kuitwa hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Pai ya gramu 60 basi haitakiwi kuzidi miligramu 1.2. Unga wa ngano una gluteni ya karibu asilimia 8 hadi 10, kwa hiyo miligramu 15 za unga, vumbi lisilofika hata chembe ya kushikwa kwa vidole, zinatosha kuifikisha pai kwenye mpaka huo au kuuvuka. Ndiyo maana kama nyumba itaoka vyote viwili, zisizo na ngano zitangulie asubuhi, meza ikiwa imefutwa na hewa haina vumbi. Kifimbo cha chapati cha mbao kiwekwe kando, na chekecheke lililozoea ngano vilevile. Kwa walioko Tanzania na Kenya hatari iko mapema zaidi: mchele na muhogo kwa asili havina gluteni, lakini mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano itaviharibu. Unga wa muhogo wa kusagwa pia si wanga wa muhogo; una nyuzinyuzi na hunywa maji mengi zaidi, kwa hiyo usiubadilishe gramu kwa gramu.

Pai hizi huchakaa haraka kuliko za ngano, na friji huziharibu zaidi kwa sababu wanga hukakamaa kwenye ubaridi ule. Zigandishe zikiwa mbichi, uzioke siku ya sikukuu, ukiongeza dakika tano. Na ukimkaribisha mwenye siliaki, usitupe pakiti za unga, siagi na zabibu. Zihifadhi jikoni mpaka atakapofika, azisome mwenyewe kabla hajala.