Kuingia Relini Bila Kusimama

Kwenye makutano ya reli na barabara, chombo kimoja hakiwezi kukwepa, na hakiwezi kusimama kwa haraka. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 50 kwa saa, hata breki zote zikikamata, huhitaji zaidi ya mita 300 kabla ya kutulia. Kwa hiyo uamuzi wote uko mikononi mwa dereva wa gari, na uamuzi sahihi ni mmoja tu: asimame, atazame, asikilize, ndipo avuke. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 2023, basi lililokuwa likitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam liligongana na treni wilayani Manyoni, mkoani Singida, na watu 13 wakapoteza maisha. Polisi walisema dereva wa basi hakuchukua tahadhari. Ukikokotoa mwendo na umbali, huoni pa kumtetea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Basi la urefu wa mita 12 lililosimama mita chache kabla ya reli lina takriban mita 22 za kupita hadi bampa la nyuma liwe salama ng'ambo ya pili. Likiondoka kwa gia ya kwanza na abiria wamejaa, safari hiyo fupi inakula kama sekunde nane. Katika sekunde hizo nane, treni ya kilomita 50 kwa saa imekwisha kusogea mita 110. Semitela ya mita 17 au 18 yenye shehena inahitaji karibu sekunde 12, na treni inakuwa imekula mita 165. Dereva ambaye hawezi kuona umbali huo pande zote mbili hana ruhusa ya kuingia relini, hata kama nyuma yake kuna foleni ya magari yanayompigia honi.

Utetezi unaosikika kila mara ni kwamba kutosimama kunapunguza muda wa kukaa juu ya reli. Hilo ni kweli kwa saa ya ukutani, na ni uongo kwa macho. Basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva akiiona treni akiwa mita 50 kabla ya reli, amebakiwa na sekunde mbili na kidogo, na basi lenye abiria halisimami ndani ya muda huo. Kinachobaki ni kukanyaga mafuta na kuomba Mungu. Kosa lilikwisha kufanyika nyuma kabisa, pale mguu ulipokataa kuhamia kwenye breki.

Macho nayo hudanganya. Gari na treni zinazoelekea kukutana hasa katika nukta moja, kila moja kwa mwendo wake, huifanya treni ibaki mahali palepale kwenye kioo cha dereva. Haihami kushoto wala kulia. Inakua tu, na inakua polepole mpaka dakika ya mwisho. Mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza mwaka 1985 jambo la pili: kitu kikubwa huonekana kwenda taratibu kuliko mwendo wake halisi. Usiku hali ni mbaya zaidi, kwa sababu taa ya kichwa cha treni ni nukta moja isiyo na kipimo cha umbali. Ndiyo maana Marekani basi lenye abiria hulazimishwa na sheria kusimama kabla ya reli, na la wanafunzi hufungua mlango ili dereva asikilize.

Dereva wa treni, katika ajali za namna hii, hupiga honi na kukamata breki. Zaidi ya hapo hana la kufanya.

Wilayani Korogwe, mkoani Tanga, tatizo lina sura yake. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kilichofunguliwa mwaka 1963, kikaiunganisha na Reli ya Kati. Kisha treni zikapotea. Mizigo ilirudi Julai 2019, abiria Desemba mwaka huohuo, baada ya zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria. Kizazi kizima cha madereva, wa Old Korogwe na wa mabasi ya Moshi na Arusha, kilijifunza udereva kikiamini kuwa reli ni tuta la kupunguzia mwendo kidogo tu. Imani hiyo haikufutwa na treni inayopita mara chache kwa wiki.

Madereva wa zamani walikuwa bora katika jambo hili, na sababu inajulikana. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliendesha treni, na nchini Tanganyika liliendesha pia mabasi na malori. Dereva wake alijua treni ni kazi ya mwajiri wake. Lori lilikuwa na utingo wa kweli, wa kushuka kutazama, si wa kusinzia kitini. Injini ya mvuke nayo ilitangazwa na moshi wake juu ya mashamba ya mkonge. Dizeli haitoi ishara hiyo. Reli mpya ya kisasa, SGR, imelimaliza suala la makutano kwa madaraja na uzio. Reli ya Tanga haina bahati hiyo.

Hatari nyingine wilayani Korogwe ni njia zinazofuatana. Kuelekea Mombo na Mkomazi, reli na barabara kuu zinakwenda sambamba kwa masafa marefu. Gari linalokata kona kuingia shambani linaweza kuwa na treni nyuma ya bega la dereva, mahali ambapo kioo cha pembeni hakifiki. Anayekata kona hapo lazima anyooshe gari kwanza, asimame, ndipo ageuze shingo.

Gari likizimika juu ya reli, kinachotangulia ni abiria wote kushuka na kukaa mbali. Kisha watu wawili, mmoja kila upande, wakimbie kando ya reli angalau nusu kilomita wakiwa na kitambaa chekundu, au taa kama ni usiku. Chini ya hapo treni haitawahi kusimama.