Tundu Kabla ya Msumari

Delta ya Rufiji haina jabali. Ukitoka Nyamisati kuelekea midomo ya mto ni tope, mchanga na mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Tanzania. Mpanda miamba mwenye drili yake hana cha kutoboa huku. Hata hivyo, akiniuliza mtu drili ipi ya betri inunuliwe, iwe ya mbao au ya mawe, humpeleka kwanza kwa mafundi wa mashua na majahazi wa pwani hii, kwa sababu sijui watu wanaoliheshimu tundu kuwashinda.

Chombo chao cha tangu zamani ni keekee. Sehemu zake ni chache: msukano, yaani kijiti cha mviringo kinachobeba chuma, kishikio cha juu ambamo msukano huzunguka chini ya kiganja, na uta ambao kamba yake huviringishwa msukanoni. Mkono mmoja hukandamiza, wa pili huvuta uta na kuusukuma. Msukano huenda kulia, hurudi kushoto, na ncha ya chuma, iliyofuliwa bapa mfano wa mkuki, hukata kwenda na kurudi.

Uzuri wa keekee ni kwamba haimfichi fundi kitu. Chuma kikifika kwenye kifundo cha mbao, uta huwa mzito papo hapo. Kikikaribia kutokea upande wa pili, huwa mwepesi, na fundi hulegeza mkono ili mbao isichanike nyuma. Unga unaotoka nao una habari zake: ukiwa mkavu na wa rangi moja, mbao ni nzima, ukitoka mweusi na wenye unyevu, ndani kuna uozo, na ni heri ujulikane leo chombo kikiwa bado juu ya magogo.

Kwa nini kuhangaika hivyo kwa ajili ya tundu ambalo msumari utalifunika? Kwa sababu mbao ngumu, mkongo au mvule, ukiipigilia msumari bila kuitoboa, hupasuka, hasa karibu na kichwa cha ubao. Ufa huo ufukweni hauonekani. Baharini mbao hujipinda na kujinyoosha kwa kila wimbi, na ufa hukua. Tundu likiwa pana mno, msumari hucheza, maji huufuata, kutu huanza kuula. Linatakiwa liwe jembamba kidogo kuliko msumari, mbao iubane. Tena lazima liingie katikati ya taruma, yaani ubavu wa chombo, ambalo liko nyuma ya ubao na fundi halioni. Mataruma huchongwa kutoka miti iliyopinda yenyewe, hayafanani, kwa hiyo kila tundu lina mwelekeo wake. Kazi hii naistahi sana. Wapita njia husifu tezo na mistari mizuri ya gubeti. Mimi ningewaomba watazame mkono unaotoboa.

Na mkono huo ni mkongwe kuliko msumari wenyewe katika vyombo vyetu. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kinataja bandari ya Rhapta na mashua zake za kushonwa. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta Rhapta hapa hapa upande wa Rufiji. Mitepe, iliyosafiri pwani hii karne nyingi baadaye, nayo ilishonwa kwa kamba za makumbi. Chombo cha kushonwa ni matundu matupu: kamba hupita, kisha kijiti hupigiliwa ndani kuibana na kuzuia maji. Mwaka 2010 jahazi la kushonwa lililoundwa Oman, Jewel of Muscat, lilifika Singapore likiwa limeshikwa na kamba za nazi. Mbao zake zilikuwa za jamii moja na mkongo wetu.

Drili ya betri ilitoka mwaka 1961, kwa kampuni ya Marekani ya Black & Decker. Siichukii hata kidogo. Inaokoa mabega, na fundi aliyezeeka huweza kuendelea na kazi kwa sababu yake. Ninachokataa ni kuichagua kwa makelele. Mpigo wa nyundo uliomo ndani ya drili una maana kwenye zege na mawe tu, kwa kuwa jiwe huvunjwa na mbao hukatwa. Anayetoboa mwamba wa itale anahitaji mashine yenye pistoni inayogonga kwa msukumo wa hewa, ili akiwa kwenye kamba asilazimike kuikandamiza sana mashine hiyo. Tena asafishe vumbi lote tunduni kabla ya kuingiza bolti. Kwenye miamba ya bahari ya Railay, Thailand, bolti za chuma kisichoshika kutu zilipasuka kwa chumvi, na wapandaji wakahamia titani inayogandishwa kwa gundi. Bahari hudai tundu safi na chuma kinachofaa, hata kama juu yake ni mtu anayening'inia badala ya abiria wa kisiwa cha Mafia.

Kwa mashua, volti 18 zinatosha. Betri ya ampea-saa 5 hubeba takriban wati-saa 90, na kwenye hori lisilo na nguzo ya umeme, paneli ya wati 100 huijaza kwa jua kali la kama saa mbili. Muhimu zaidi ni gia ya polepole. Kasi kubwa huunguza ukuta wa tundu, na mbao iliyoungua haiushiki msumari vizuri. Anayekwenda kununua achukue kipande kinene cha mkongo, aombe kujaribu kwa gia ndogo, abonyeze swichi kidogo kidogo. Biti lazima izunguke taratibu bila kukwama wala kuruka, na mkono uhisi kifundo kikifika. Ikishindwa, aiache, hata kama muuzaji anaisifu nguvu. Pesa iliyobaki inunue biti nzuri na betri ya pili, na keekee ibaki sandukuni: betri zikiisha katikati ya kazi, uta hauhitaji chaji.