Maji matupu na mfuko unaojaa: jinsi ileostomi isiyotulia inavyodhibitiwa

Mgonjwa aliyewekewa ileostomi, yaani ncha ya utumbo mwembamba iliyotolewa nje ya tumbo, akianza kutoa majimaji mengi kupitia tundu hilo, yaani stoma, kila anayekuja kumjulia hali humwambia neno lilelile: "Mama, kunywa maji." Anakunywa. Mfuko unajaa. Kiu inamzidi, anakunywa tena, mfuko unajaa tena, na ikifika jioni misuli ya miguu inakaza, kichwa kinazunguka akisimama, na mkojo ni kidogo wenye rangi nzito. Hajamkaidi mtu. Kasoro iko kwenye ushauri wenyewe, na inafaa kuichambua kwa makini, kwa sababu kuishiwa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wodini watu wenye ileostomi changa.

Tuanze na hesabu. Kwa mtu mwenye utumbo kamili, lita moja na nusu hivi za majimaji hutoka kwenye utumbo mwembamba kila siku na kuingia utumbo mpana. Huko karibu yote hufyonzwa pamoja na chumvi, na kinachobaki kwenye choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Ileostomi, iwe imewekwa kwa sababu ya homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, saratani au ajali, hukatisha safari kabla ya hatua hiyo. Wiki zikipita, utumbo mwembamba hujizoesha, na stoma iliyotulia hutoa mililita 500 hadi 1000 kwa siku, zenye uzito wa uji. Ikipita 1500, na zaidi ikifika 2000, hiyo ni stoma inayotoa kupita kiasi. Kila lita inayomwagwa huwa na sodiamu ya milimoli 100 au zaidi, sawa na gramu 6 hivi za chumvi ya mezani. Kwa hiyo aliyepoteza lita mbili amepoteza pia gramu 12 za chumvi, na glasi ya maji hairudishi hata chembe yake.

Ubaya ni kwamba glasi hiyo huongeza hasara. Ukuta wa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba unavuja: sodiamu hupita kwa urahisi kati ya damu na utumbo, ikielekea upande wenye upungufu. Maji matupu yakifika hapo, damu hutoa sodiamu yake kuyafidia, na maji ya mwili huifuata. Mwenye utumbo kamili huirudisha huko chini. Mwenye stoma inayokwenda kasi huimwaga chooni. Chai na kahawa hufanya hivyohivyo. Soda na juisi huharibu kwa njia nyingine, kwani sukari yake nyingi huvuta maji kutoka damuni. Hata dafu, ambalo watu wa pwani hulitegemea mtu akiharisha, lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo haliwezi kuifanya kazi ya kurudisha chumvi peke yake.

Njia ya kutoka ilianza kuonekana mwaka 1960, Robert Crane alipoeleza huko Prague kwamba ukuta wa utumbo huingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, kwa kibebaji kimoja. Wazo hilo ndilo lililo chini ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na ndilo lililo chini ya mchanganyiko wa hospitali ya St Mark's ya London, unaotumika sana kwa stoma za aina hii. Kwa lita moja ya maji safi huwekwa gramu 20 za glukosi ya unga, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea. Magadi ya kulainishia maharage hayafai hapa, wala bekingi pauda. Chumvi inaleta milimoli 60 za sodiamu, bikaboneti inaleta 30, jumla 90. Hiyo 90 ina maana yake: kinywaji chenye sodiamu ya chini sana kuliko hapo hukuta utumbo ukitoa chumvi badala ya kuipokea. ORS ya paketi, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, ina 75. Huwatosha wengi, lakini stoma kali huweza kuishinda.

Vijiko vya jikoni havilingani. Mara ya kwanza, mwombe mfamasia apime kila unga kwa mizani, kisha utie alama kwenye kijiko chako. Lita hiyo hunywewa kwa funda ndogondogo mchana kutwa, ikiwa baridi ili ladha ya chumvi isichukize, na inayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Wakati huohuo vinywaji vingine vyote hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu lita au lita moja kwa siku. Hapa ndipo wagonjwa wanapogoma, nami nawaelewa: kumnyima maji mtu mwenye kiu kunafanana na ukatili. Daktari anapaswa kumweleza sababu kabla ya kumpa katazo, na yeye ndiye wa kuamua vipimo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo au moyo. Mwenye stoma iliyotulia habanwi hivyo. Yeye hunywa kawaida na kuongeza chumvi kidogo kwenye chakula.

Chakula chenyewe kina kazi ya kuongeza uzito wa kinachotoka. Wali mweupe, ugali wa sembe, viazi vilivyomenywa, mkate mweupe na ndizi mbivu husaidia. Kwa wiki sita hadi nane za mwanzo, sifa tunazozipa dona, maharage na matunda yenye maganda huwekwa kando. Milo midogo ya mara kwa mara inafaa kuliko sahani moja kubwa, na kinywaji kikae mbali na chakula kwa nusu saa hivi. Loperamaidi, dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, daktari akiiandika, humezwa nusu saa kabla ya kula. Ikimezwa baada ya mlo, chakula kimeshatangulia. Kujinyima chakula ili mfuko usijae hakusaidii, kwa sababu tumbo, nyongo na kongosho huendelea kumwaga maji yake, na hewa huongezeka. Kwa Mwislamu, saa 13 hivi za mfungo bila tone la maji ni jambo la kuzungumza na daktari kabla Ramadhani haijaingia.

Haiwezekani kujua kama yote haya yamefaa bila jagi lenye alama za mililita na daftari. Ukurasa unaweza kusomeka hivi: saa 7 mchana wali na samaki, saa 9 alasiri soda, saa 10 stoma imetoa mililita 350, maji, saa 12 jioni imetoa mililita 200, uji mzito. Siku chache za kuandika hivyo zinamwonyesha mtu kwamba wali hauna kosa. Bila daftari angeacha samaki, kisha wali, akaishia kukonda huku soda ikiendelea kuingia.

Mwenye kolostomi, yaani stoma ya utumbo mpana, ya upande wa kushoto asiyafuate haya. Sehemu kubwa ya utumbo wake mpana bado inafyonza. Tatizo lake la kawaida ni choo kigumu, na maji matupu na mboga humfaa.

Kwa mwenye ileostomi, baada ya wiki zile sita hadi nane vyakula hurudishwa kimoja kimoja, kwa kutafuna sana. Vya kuchelewesha ni vile vinavyokwama pale utumbo unapopenya misuli ya tumbo: mahindi ya makande na ya kuchoma, bisi, nazi iliyokunwa, utando wa chungwa, nyuzi za embe. Tui halina shida. Stoma ikinyamaza kwa saa nne hadi sita, tumbo likanyonga na kuvimba, huenda kimekwama kitu. Wakati mwingine haikauki kabisa, bali maji membamba hupenya pembeni ya kilichokwama, na mtu akadhani anaharisha. Maji yakitoka pamoja na maumivu makali au kutapika, asimeze loperamaidi. Aache kula, aende hospitali siku hiyohiyo.